Je, Inafaa Niende?

Somo: 2 Wafalme, mlango wa 5, kifungu cha 1 hadi cha 14

Ninyi mlio jikoni mkitayarisha chakula cha jioni, ninyi mlio dukani, ninyi mlio vitandani hospitalini, nanyi mlio safarini, karibuni tuketi pamoja kwa dakika hizi chache.

Leo nataka kusema juu ya swali dogo nililoulizwa mlangoni pa kanisa, na jibu baya nililolitoa. Nalisema hadharani kwa sababu mwenye swali amenipa ruhusa, na kwa sababu najua wako wengi wenye swali hilo hilo mioyoni mwao.

Ilikuwa Jumapili, baada ya ibada. Mzee mmoja wa kanisa letu, mkulima wa viazi na kabichi kule kwetu kwenye baridi, alinivuta kando. Alikuwa ameishi na ugonjwa wa kisukari kwa miaka tisa. Mkononi alishika karatasi aliyopewa kliniki.

"Mchungaji," aliniambia, "kule hospitalini wameanzisha mafunzo ya watu wenye kisukari. Ni Jumanne sita, na kila Jumanne ni kama muda wa saa mbili. Wanafundisha mtu kujitunza mwenyewe nyumbani. Mama anasema niende. Wewe waonaje? Je, inafaa niende?"

Nilikuwa na haraka. Kamati ya ujenzi ilikuwa ikinisubiri. Nikamjibu nikiwa nimeshageuza mguu, "Mzee wangu, miaka tisa umekuwa na ugonjwa huo. Watakufundisha nini usichokijua? Meza dawa zako, punguza sukari, mtegemee Mungu. Tena Jumanne ni siku ya soko."

Akacheka, akaikunja ile karatasi, akaitia mfukoni. Hakwenda.

Miezi minne baadaye ukafika mwezi wa Julai, na mnajua jinsi baridi ya Julai ilivyo kule juu. Usiku mmoja mzee aliketi jikoni akiota moto, miguu yake karibu na jiko la makaa, amevaa soksi. Nilipokwenda kumtazama hospitalini aliniambia mambo yalivyokuwa. "Mchungaji, sikuhisi chochote. Nilisikia harufu ya nguo inayoungua. Nikainuka, nikaanza kutafuta ni nguo gani iliyoangukia motoni. Kumbe ni soksi yangu, na mguu wangu ndani yake."

Kidonda kile hakikupona upesi. Mwishowe vidole vitatu vya mguu wa kulia vilikatwa. Kanisa lilifanya harambee kusaidia gharama za hospitali, na tulikusanya shilingi 74,000. Mzee hakunilaumu hata kwa neno moja, na kule kutolaumiwa kulikuwa kuzito kuliko lawama. Lakini sista aliyekuwa akimfunga kidonda alisema jambo pasipo kujua mimi ni nani katika habari ile. Alisema, "Pole sana Baba. Habari ya miguu na moto huwa tunaifundisha Jumanne ya tatu."

Wapenzi, fungueni pamoja nami Kitabu cha Pili cha Wafalme, mlango wa 5. Huko twakutana na Naamani, jemadari wa jeshi la Shamu. Alikuwa mtu mkubwa mwenye sifa, lakini alikuwa na ukoma. Msichana mdogo aliyetekwa kutoka Israeli ndiye aliyetoa habari ya nabii aliyeko Samaria. Naamani akafunga safari na farasi zake na magari yake, akachukua fedha, dhahabu na mavazi. Alipofika mlangoni pa Elisha alitazamia kwamba nabii atatoka mwenyewe, aombe kwa sauti, apunge mkono juu ya ugonjwa. Badala yake alitokea mjumbe tu na agizo fupi: aende mto Yordani, akajichovye mara saba.

Naamani alikasirika. Tukizichunguza sababu zake twaona kwamba ni sababu zetu sisi. Kwanza, jambo lenyewe lilikuwa dogo mno machoni pake. Pili, aliyelileta hakuwa mkubwa. Tatu, alidhani ana kitu bora zaidi kwao, mito ya Dameski. Na nne, kazi ilikuwa ya kurudiarudia, tena alipaswa kuifanya mwenyewe. Alikuja akitaka kutendewa, naye akaambiwa atende.

Waliomwokoa ni watumishi wake. Hawakumfokea wala hawakumcheka. Walimwuliza kwa upole, kama angeagizwa jambo gumu na la gharama kubwa, asingelifanya? Basi kwa nini hili jepesi limshinde? Naamani akashuka mtoni.

Sasa mwaona nilivyokosa. Mzee wetu alikuwa ameshakaribia mto. Mkewe, kama yule msichana wa Israeli, alikuwa ameshamwonyesha njia. Nami, niliyepaswa kuwa mtumishi wa kumtia moyo, ndiye niliyemwambia arudi nyumbani.

Mafunzo yalipoanza tena mwezi wa Septemba tulikwenda watu watatu: mzee na magongo yake, mkewe, nami. Nilitaka kuona kwa macho yangu jambo nililolihukumu bila kulijua. Tulikaa kwenye mabenchi, watu kumi na wanne kwa jumla, na sista mmoja mbele yetu. Hakukuwa na mashine yoyote ya ajabu. Kulikuwa na sahani, sufuria, kioo, vipimo vya sukari na ubao.

Siku ya kwanza sista alitwambia kila mtu aseme afanyavyo kweli nyumbani, si vile amwambiavyo daktari. Palikuwa kimya. Kisha mzee wangu akasema kwamba siku mbili kabla ya kliniki yeye huacha sukari kabisa na kula mboga tupu, ili kipimo cha asubuhi kipendeze. Watu wakacheka, kwa maana karibu wote walikuwa wakifanya vivyo hivyo. Sista hakuwagombeza. Alieleza kwamba kipo kipimo kingine cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili au mitatu iliyopita, na hicho hakidanganywi kwa siku mbili. Akasema, "Mnapoficha mnamficha nani? Mimi nikitoka hapa naenda nyumbani kwangu. Macho ni yenu, figo ni zenu."

Siku ya pili tulijifunza kupakua chakula. Wengi wetu tulidhani kwamba ugali wa wimbi au wa mtama hauna sukari, kwa hiyo mtu aweza kula kadiri apendavyo. Sista alionyesha kwamba wanga wote, uwe wa mahindi, wa wimbi, wa viazi au wa mchele, hugeuka kuwa sukari mwilini. Tofauti ni wingi wake na upesi wake. Akachukua sahani, akaijaza nusu kwa sukuma wiki na kabichi, robo akatia ugali, na robo iliyobaki akatia maharagwe. Akasema pia kwamba soda moja ya mililita 300 huweza kuwa na sukari ya vijiko saba hivi vya chai. Mama yule, mke wa mzee, akainua mkono. "Sista, miaka tisa nimekuwa nikimpikia peke yake, sufuria mbili kila siku, na kuni zinakwisha. Wasema sote tuweza kula sahani hii moja?" Sista akajibu, "Sio kwamba mwaweza tu, Mama. Yawafaa wote." Nilimwona mama yule akifuta macho. Sikujua mzigo huo aliokuwa nao, na nilikuwa nimekula nyumbani mwake mara nyingi.

Siku ya tatu ilikuwa ya miguu. Sukari ikizidi kwa muda mrefu huharibu neva, na mguu hupoteza hisia. Mtu hukanyaga msumari asijue, huungua asijue. Basi tulifundishwa kutazama nyayo kila jioni, na katikati ya vidole, na asiyeweza kuinama atumie kioo au amwite mjukuu. Tulifundishwa kukausha miguu vizuri baada ya kuosha, kukung'uta viatu kabla ya kuvaa, kutotembea miguu mitupu hata ndani ya nyumba, kupima joto la maji kwa kiwiko na siyo kwa mguu, na kutoota moto kwa miguu wala kulala na chupa ya maji ya moto. Mzee alisikiliza yote hayo akiwa ameuegemeza mguu wake uliofungwa juu ya benchi. Mafundisho yale yalikuwa ya robo saa tu.

Siku ya nne ilinigusa mimi mchungaji. Sista aliuliza, "Mko kwenye kesha. Mwenzenu mwenye kisukari anaanza kutetemeka, anatoka jasho, anasema maneno yasiyoeleweka. Mtafanya nini?" Mmoja akajibu kwamba huenda ni pepo, watu wamwombee. Sista akasema, "Mwombeeni, lakini kwanza mpeni sukari." Alieleza kwamba mtu anayetumia insulini au baadhi ya vidonge aweza kushukiwa na sukari mno, hasa akikosa chakula. Kipimo kikiwa chini ya 4, au dalili zikionekana na hakuna kipimo, apewe vijiko vitatu au vinne vya sukari katika maji, mngoje dakika kumi na tano, na kama hajapata nafuu apewe tena, kisha ale chakula. Akiwa amezimia, msimmiminie kitu mdomoni. Mlazeni kwa ubavu na kumkimbiza hospitali.

Nikakumbuka mifungo ya siku tatu niliyoitangaza madhabahuni bila kuuliza ni nani anayetumia dawa gani. Tangu siku ile, kila ninapotangaza mfungo nasema wazi kwamba mwenye kisukari asifunge kabla ya kuzungumza na daktari wake, na kwamba Mungu hapungukiwi kitu mgonjwa akila. Hilo nalo nililipata kwenye mafunzo niliyosema hayana jipya.

Sasa turudi kwenye swali. Je, inafaa uende? Bwana Yesu, katika Injili ya Luka mlango wa 14, alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba yampasa kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Basi tuhesabu kwa haki, pande zote mbili.

Gharama ipo. Kwa mzee wetu nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa shilingi 200, nayo kwa Jumanne sita ni shilingi 1,200. Ziko siku sita za soko zilizopotea. Uko uchovu, na iko aibu ya kukaa benchi kama mtoto wa shule mbele ya mtu aliye na umri wa binti yako. Sitaki kusema kwamba hayo si kitu. Kwa nyumba nyingi shilingi 1,200 ni unga wa siku nyingi.

Upande wa pili, hesabu saa. Mwaka una saa 8,760. Tuseme daktari anakuona mara nne kwa mwaka, robo saa kila mara. Hiyo ni saa moja. Saa 8,759 zilizobaki, daktari wa ugonjwa huu ni wewe, pamoja na yule anayekupikia. Yako maradhi ambayo mtu humwachia daktari akapasue au akachome sindano yaishe. Kisukari si hivyo. Kinaamuliwa kila siku mezani, njiani, na wakati wa kumeza dawa. Basi swali si kama utajitibu mwenyewe au la, kwa kuwa tayari unajitibu. Swali ni kama utafanya kazi hiyo ukiwa umefundishwa au hukufundishwa.

Waganga wa zamani walilijua jambo hili. Huko Boston, Marekani, daktari Elliott Joslin alichapisha mwaka 1918 kitabu cha kuwasomesha wagonjwa wenyewe. Wakati huo insulini ilikuwa haijapatikana. Mwaka 1921 Frederick Banting na Charles Best walifaulu katika majaribio yao huko Toronto, Kanada, na Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akapewa sindano ya kwanza. Mtu angedhani kwamba dawa ikipatikana masomo hayana kazi. Ikawa kinyume. Kwa kuwa sasa mgonjwa aliishi, alihitaji kujua kipimo cha dawa, saa ya kula, na dalili za hatari.

Tena twajua kwamba juhudi hii si bure. Mwaka 1998 waganga wa Uingereza walitoa matokeo ya uchunguzi wa miaka mingi juu ya kisukari cha aina ya pili, kile kinachowapata watu wazima wengi. Wale waliotibiwa kwa bidii zaidi ili sukari ishuke walipunguziwa madhara ya mishipa midogo ya damu, kama yale ya macho na figo, kwa kiasi cha robo.

Lakini yanipasa kusema ukweli wote, kwa maana nilishakosa mara moja kwa kusema upesi. Mafunzo si muujiza. Mwaka 2008 huko Uingereza walitangaza matokeo ya jaribio la watu 824 waliokuwa wamegunduliwa karibuni kuwa na kisukari. Wengine walipewa mafunzo ya saa sita, wengine matibabu ya kawaida tu. Baada ya mwaka mmoja, waliofundishwa walikuwa wamepungua uzito zaidi, wengi zaidi walikuwa wameacha sigara, waliuelewa ugonjwa wao vizuri zaidi, na huzuni ilikuwa imepungua. Hata hivyo sukari ya damu ilikuwa imeshuka kwa makundi yote mawili, na tofauti kati yao haikuwa kubwa ya kutegemewa. Na mwaka 2002, wachunguzi waliokusanya majaribio mengi ya namna hii waliona kwamba sukari hushuka mafunzo yanapomalizika, lakini sehemu ya faida hupotea baada ya miezi michache, na kwamba saa nyingi za kuwa pamoja na mwalimu huzaa faida nyingi zaidi.

Hayo yanatufundisha nini? Naamani hakuambiwa ajichovye mara moja. Mtu anayekwenda siku moja, akapata cheti na kipande cha mkate, kisha akarudia mambo yake, asishangae akiona hakuna lililobadilika. Faida iko kwa yule anayeendelea, na mtu hawezi kuendelea vizuri akiwa peke yake.

Basi kabla ya kusema ndiyo au hapana, uliza maswali haya. Ni nani anayefundisha? Awe ni mtu aliyesomea kazi hiyo: sista, daktari, afisa wa kliniki, au mtaalamu wa lishe. Je, wanafundisha juu ya chakula kilicho katika sufuria yako, githeri na chapati na chai ya maziwa, au wanasoma orodha ya vyakula usivyoweza kuvinunua? Je, utafanya kwa mikono yako mwenyewe, kupima, kuchoma sindano, kutazama miguu, au utasikiliza tu? Je, anayekupikia anaruhusiwa kuja? Na baada ya siku ya mwisho, je, iko siku ya kurudi, au kikundi cha kukutana? Ukipata majibu mema kwa mengi ya hayo, ndugu yangu, dada yangu, nenda. Hata kama una ugonjwa huu kwa miaka tisa, nenda. Hata kama uligunduliwa wiki iliyopita na bado hutaki kuamini, nenda.

Lakini yako mafunzo ya kukimbia. Akisimama mtu akasema kwamba kwa chupa zake utapona kabisa, utupe dawa za hospitali, huyo si mwalimu, ni mfanyabiashara. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza akikosa insulini aweza kufa kwa siku chache tu. Mtu huyo aweza kuja na Biblia mkononi, aweza hata kuomba vizuri kuliko mimi. Msimfuate. Tena aliye na hali mbaya leo, anayetapika, anayepumua kwa shida, au mwenye kidonda kinachobadilika rangi, asingoje Jumanne yoyote. Aende hospitali leo.

Na ninyi mnaoulizwa maswali, wachungaji, wazee wa kanisa, viongozi wa akina mama, nawasihi msijibu mkiwa na mguu mmoja njiani kama nilivyofanya mimi. Mtu anapouliza kama inafaa aende, mara nyingi moyo wake umeshajua jibu. Anatafuta wa kumtia nguvu. Muulize anazuiliwa na nini. Kama ni nauli, kanisa lililoweza kukusanya shilingi 74,000 kwa ajili ya mguu uliokatwa lingeweza kutoa shilingi 1,200 kabla mguu haujaungua. Nalisema hili kwa aibu, kwa maana sanduku letu la sadaka lilikuwa na fedha hizo Jumapili ile ile. Kama ni siku ya soko, yuko kijana wa kumwuzia viazi vyake kwa Jumanne sita. Kama ni aibu, nenda uketi naye kwenye benchi.

Mzee wetu yuko. Anatembea kwa kiatu alichoshonewa, na hufika kanisani mapema kuliko mimi. Vidole vyake havikurudi, na sitawaambia kwamba vilirudi. Lakini kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi watu wanane wenye kisukari hukutana katika ukumbi wetu, na yeye ndiye anayewaongoza. Wanapimana sukari, wanaulizana walichokula, wanavua viatu na kutazamana miguu, kisha wanaomba. Mara ya kwanza nilipowaona wameinama hivyo, kila mmoja ameshika mguu wa mwenzake, nilikumbuka usiku ule Bwana wetu alipojifunga kitambaa kiunoni, akainama mbele ya wanafunzi wake. Sikuhubiri siku ile. Nilivua viatu nikaketi pamoja nao.

Nilimwuliza mzee kama angali na ile karatasi. Akaitoa katika Biblia yake, imekunjwa mara nne. "Naiweka," alisema, "kwa ajili ya mtu atakayeniuliza kama inafaa."

Tuombe. Ee Baba wa rehema, wewe uliyeumba mwili huu na kuujua kila mshipa wake, twakuomba kwa ajili ya wote wanaoishi na kisukari, na wale wanaowapikia na kuwatunza. Utuondolee kiburi kinachodharau jambo dogo, na hofu inayotuzuia kujua. Wabariki waganga na masista wanaofundisha kwa uvumilivu. Utusamehe sisi tuliotoa shauri bila kufikiri, na kutupa tena nafasi ya kuwa watumishi wema kwa majirani zetu. Na yeye aliye na karatasi mfukoni leo, ee Bwana, mpe nguvu ya kuondoka kwenda. Katika jina la Yesu. Amina.

Kwaherini, wapenzi, na Mungu awalinde.